Swichi Iliyoandikwa "Bafu"

Siku ya tatu hospitalini, Musafiri alipopata nguvu ya kusema zaidi ya "maji" na "asante", jambo la kwanza alilolitamka lilikuwa jina la shemeji yake.

"Jérémie," alisema. "Ni Jérémie aliinua swichi."

Nsimire, mkewe, alikuwa ameinama akimpangusa jasho shingoni. Kitambaa kiliganda pale pale. Jérémie ni mdogo wake wa tumbo moja, mwanamume mzima wa miaka thelathini, na tangu mwaka juzi alikuwa akiishi nao kule mtaa wa Carama. Musafiri ndiye aliyemfundisha kazi ya umeme, na wote wawili waliajiriwa na kampuni moja.

Mwenye kampuni, Bwana Audace, alisimama upande wa pili wa kitanda, daftari mkononi. Alikuwa ametandika leso juu ya kiti cha wagonjwa kabla ya kukikalia, kisha akaamua asikikalie kabisa.

"Sema pole pole, Musafiri," alisema. "Mambo yaandikwe vile yalikuwa."

"Tulikuwa Kinindo, mu nyumba ya Madame Geneviève. Tunabadilisha mutungi wa kupasha maji mu bafu. Nikamutuma Jérémie ku tablo ya swichi za nyumba, ashushe swichi ya bafu. Akaniita, 'Nimeshusha!' Mi nikaweka testeri ku waya. Testeri ikanyamaza. Haikuwaka, haikulia. Nikashika waya."

Akaitazama mikono yake, mafungu mawili makubwa ya bandeji yaliyolazwa juu ya mto.

Bwana Audace akamalizia yeye, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu. "Testeri imesema umeme haupo. Halafu umeme ukawepo. Katikati pale kuna mukono wa mutu. Na ku tablo kulikuwa watu wangapi?"

"Mumoja," alisema Musafiri, akafumba macho.

"Unaona, Mama Kelly." Bwana Audace alimgeukia Nsimire. "Kampuni inalipa ajali. Uzembe wa fundi mwenyewe, hailipi. Sasa kama ni mwenzake alimufanyia, mugonjwa wako atatibiwa mpaka apone. Huyo mwenzake atajieleza ku polisi."

"Asante, Bwana Audace," alisema Nsimire. "Asante sana."

Alikuwa ameshafika kwenye bomba la uani, anasuuza kitambaa, ndipo alipotambua kwamba amemshukuru mtu kwa kumpeleka ndugu yake polisi.


Alimkuta Jérémie nyumbani anamvua Kelly, binti wa Nsimire na Musafiri, wa miaka saba, sare ya shule, huku anamtania kwa wino uliomchafua kidevu. Nsimire alisimama mlangoni akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alipakua ugali na ndagaa, akamtazama anavyokula. Alikula vizuri. Je, mwenye hatia hula hivyo? Au ni yeye hasa ndiye hula hivyo, ili asionekane?

Akakumbuka ugomvi wa wiki iliyopita. Jérémie alitaka apewe kazi zake mwenyewe. Alisema kufuata nyuma na kubeba ngazi kumemchosha. Musafiri alicheka kicheko kibaya, akamwambia asubiri ndevu zijae. Wakati ule Nsimire aliona ni maneno ya wanaume. Sasa maneno hayo yalikuwa yamebadilika uzito.

"Jérémie. Ile siku, ulikuwa wapi?"

"Ku tablo, yaya," alijibu. Ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa. "Iko mu korido, pembeni ya jikoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikashusha swichi yenye iliandikwa 'bafu'. Nikaita. Nikabaki pale pale, mpaka nikasikia Shemeji analia."

"Hukuiinua tena? Hata kwa kusahau?"

Jérémie aliuweka mkono wake kando ya sahani. "Ni Shemeji anasema vile?"

Nsimire alisogeza bakuli la ndagaa upande wa Kelly.

"Basi muulize vizuri," alisema Jérémie taratibu. "Mi siwezi sema mengine."

"Mengine gani?"

"Ni mukubwa wangu ku kazi, yaya. Muulize yeye."

Mtu asiye na la kuficha angesema yote, aliwaza Nsimire. Alisubiri Jérémie aende kuoga, kisha akaingia sebuleni, mahali alipokuwa akilala ndugu yake, akauchukua mfuko wa kazi wa mumewe uliokuwa ukining'inia juu ya godoro. Akausukuma chini ya kitanda chake mwenyewe, asije Jérémie akautia mkono. Aliona aibu kidogo, lakini hakuurudisha.

Asubuhi walikuja polisi wawili na dereva wa Bwana Audace. Majirani waliokuwa wanachota maji waliacha ndoo zikafurika. Jérémie hakubisha, aliomba tu aruhusiwe kuvaa shati safi. Alipokuwa anafunga vifungo, mmoja wa polisi, si mkali, mtu wa umri wa baba, alimsogelea Nsimire.

"Mama, we ni dada yake. We unamujua kuliko sisi. Anaweza fanya kitu kama kile?"

Watu wote wa bombani walikuwa wanangoja. Jérémie naye, kifungo kimoja kikiwa bado mkononi, alikuwa anangoja.

"Sijui," alisema Nsimire.


Mchana huo alimlisha mumewe uji kwa kijiko. Musafiri alimeza mara nne, kisha akauliza bila kumtazama, "Wamemuchukua?"

"Wamemuchukua."

Nsimire alitarajia aone hasira yake inapoa, au hata furaha. Alichoona ni koo linalopanda na kushuka bila uji ndani yake.

"Mufuko wangu wa kazi uko wapi?"

"Nimeuweka chini ya kitanda chetu."

"Nani aliufungua?"

"Hakuna mutu."

"Testeri iko ndani. Ukifika nyumbani, itupe mu choo."

"Nitupe? Si nzima?"

"Ina mukosi ile. Tupa."

"Labda nimupe fundi mwengine, anaweza kuinunua hata kwa..."

"Nimesema tupa, Mama Kelly!" Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza kichwa. Musafiri akashusha sauti. "Na usimuonyeshe mutu."

Nsimire aliendelea kukoroga uji uliokuwa umekwisha kupoa. Miaka tisa ameishi na mtu huyu. Ni mtu anayenyoosha misumari iliyopinda, anayeweka kwenye kopo kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole. Na tangu lini akaamini mikosi? Yeye ndiye anayewacheka wanawake wa Carama wanaowafunga watoto nyuzi shingoni. Kama testeri hiyo ndiyo shahidi wake, ndiyo iliyosema umeme haupo, mbona anataka shahidi azikwe chooni?

Alikuja na shaka moja hospitalini. Aliondoka na mbili.


Mtaa wa Buyenzi kuna mzee anaitwa Radjabu, mtengenezaji wa redio na pasi, ana kibanda kilichojaa vitu vilivyofumuliwa matumbo. Nsimire alimjua kwa sababu ndiye aliyewahi kumtengenezea cherehani. Kesho yake asubuhi aliitoa testeri kwenye kitambaa: kijiti kama kalamu nene, ncha yake nyeupe, chenye taa ndogo kichwani.

"Nataka kuiuza, Mzee. Naomba uniambie kama ni nzima." Uongo huo ulimtoka kirahisi kuliko alivyodhani.

"Tutaiuliza yenyewe," alisema Radjabu. Kwanza aliigeuzageuza mwangani, akapitisha ukucha kila mahali kutafuta ufa. "Ikipasuka mahali, usiishike kabisa. Hii ganda lake zima." Kisha akachomeka taa ya mezani kwenye soketi ya ukutani, akaiwasha. "Umeona? Umeme upo. Hapo hatubishani." Akaichomoa taa, akaisogeza ncha ya testeri kwenye tundu la soketi ile ile.

Testeri haikulia. Taa yake haikuwaka. Akajaribu tundu la pili. Kimya. Akachukua testeri yake mwenyewe kutoka mfukoni, akaisogeza pale pale, nayo ikawaka nyekundu na kulia kama kifaranga.

"Yako imekufa, mama."

"Labda ni leo tu?"

Mzee aliifungua nyuma, akamwonyesha. Betri zilikuwa zimevimba, zimeota ukoko wa kijani na mweupe. "Hii si ya leo wala ya jana. Iliingia maji, ikaanza kuoza. Ya namna hii hukudanganya taratibu: siku moja inawaka, siku ya pili haiwaki."

"Na ukiiweka kwenye waya wenye umeme, siku isiyowaka?"

"Inanyamaza. Na wewe unadhani ni waya ulionyamaza." Radjabu aliipangusa mikono yake. "Ndiyo maana kabla ya kupima waya unapima testeri. Unaanza mahali unapojua umeme upo. Ikiwaka, unakwenda kwenye waya wako. Ikinyamaza pale, usiguse bado. Unarudi mahali pa kwanza kuona kama ingali hai, isije ikawa imekufia njiani. Ni kazi ya dakika moja. Lakini mtu akishakuwa fundi mkubwa, dakika moja anaiona ni ya wanafunzi."

Nsimire aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akamweleza yote, ya Kinindo, ya tablo, ya polisi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nisikudanganye na mimi," alisema. "Testeri hii inaeleza kwa nini mumeo hakuonywa. Haielezi swichi. Ndugu yako anaweza kuwa aliishusha, anaweza kuwa hakuishusha, anaweza kuwa aliiinua. Hilo liko kwenye ile nyumba."


Mlinzi wa Kinindo alimwacha Nsimire juani karibu saa nzima. Madame Geneviève alipokuja hakufungua lango. Alifungua kidirisha chake kidogo, uso wake ukajaa pale.

"Kama ni pesa ya hospitali, nimeshazungumza na kampuni."

"Apana, Madame. Sikuja kuomba. Nataka kuuliza neno moja tu, juu ya swichi."

"Swichi gani?"

"Ile mu tablo yenu, yenye iliandikwa 'bafu'. Ile siku ya ajali, ilikuwa juu ao chini?"

Madame alimkagua kwa muda, akitafuta mtego. "Unajua, hilo limenishangaza hata mimi. Usiku ule taa zote za nje hazikuwaka. Usiku wa pili pia. Mlinzi akanilalamikia. Juzi nikaita fundi mwengine, akakuta ni swichi hiyo iko chini. Alipoiinua, taa za nje zikawaka. Aliyejenga aliandika majina ovyo. Bafu liko kwenye swichi nyengine kabisa."

"Kwa hiyo ilibaki chini. Tangu ajali mpaka juzi."

"Ningeigusa mimi? Ile tablo naiogopa."

"Na Madame hakumuambia mutu?"

"Nani aliniuliza?" alisema Madame Geneviève, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Wewe ndiye wa kwanza."


Musafiri alimjua mkewe kwa hatua zake. Alijua pia kwamba zilikuwa nzito.

"Nimetoka Buyenzi," alisema Nsimire. "Nimetoka na Kinindo."

Mumewe aligeuzia uso ukutani. Jirani wa kitanda cha pili akazima kiredio chake, kwa adabu au kwa kutaka kusikia vizuri.

"Ulijua tangu lini, Baba Kelly?"

"Nilijua nikiwa ningali chini, pale ku sakafu," alisema Musafiri. "Ile testeri ilianguka mu ndoo mwezi uliopita. Nikaikausha ku jua. Ikawaka. Siku zingine haiwaki, nikiipiga ku goti inawaka. Nikasema nitanunua ingine."

"Na ile siku? Hukuijaribu kwanza?"

"Jérémie aliniuliza vile vile. 'Shemeji, umeijaribu ku prizi ya ukutani?' Na yule Madame amesimama pale, anatuangalia." Akamgeukia mkewe. "Nikamujibu, usinifundishe kazi nilikufundisha mi mwenyewe. Nikamutuma ku tablo kama mutoto."

Nsimire alikaa kwenye ncha ya kitanda. Sasa aliielewa ile "muulize yeye". Ndugu yake alikuwa amefungwa kasho ya polisi na maneno hayo mdomoni, nayo yangetosha kumtoa, lakini hakuyasema kwa polisi, hakuyasema hata kwa dada yake, ili mkubwa wake asiaibike.

"Bwana Audace alikuja siku ya kwanza," Musafiri aliendelea, haraka haraka sasa. "Ulikuwa umeenda kumuchukua Kelly. Akaniambia, kama ni kosa lako, kampuni haimo. Nikaangalia hii mikono. Nitalisha nani na hii mikono? Nikafikiri, Jérémie hana muke, hana mutoto, watamuachilia kisha siku mbili..."

"Ukalipa hospitali kwa mutoto wa mama yangu."

Musafiri aligeuza uso, akatazama dari. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, naye hakuwa na mkono wa kuyafutia. Siku nyingine Nsimire angeyafuta. Alikuwa na mengi zaidi ya kumwambia, makali kuliko lile. Lakini kila alipofungua mdomo aliisikia sauti yake mwenyewe pale bombani, mbele ya ndoo zinazofurika, ikisema sijui.

"Utasema we mwenyewe, ao nitasema mi," alisema mwishowe. "Chagua. Lakini ni leo."


Yule polisi wa umri wa baba ndiye aliyekuja kuandika. Bwana Audace naye alifika, akasimama karibu na mlango. Musafiri alieleza yote bila kusita, ndoo, goti, prizi, Madame aliyesimama kutazama. Nsimire akaeleza swichi. Polisi aliuliza namba ya simu ya Kinindo, akatoka nje kupiga, akarudi akisema Madame amethibitisha. Kisha akashindwa na jambo dogo: shahidi alipaswa kutia sahihi, na vidole vyake vyote vilikuwa vimefungwa. Aliigeuza karatasi huku na huku, akajaribu hata kuangalia kama gumba limejitokeza kwenye bandeji. Hatimaye Nsimire ndiye aliyetia sahihi kwa niaba ya mumewe, chini ya maneno "ninakiri nilimsingizia".

Bwana Audace alifunga daftari lake. "Nilikuheshimu kama fundi, Musafiri."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi na hospitali mutaongea wenyewe." Akaenda zake. Alifanya haraka, na Nsimire, aliyekuwa amejiandaa kuomba hata kupiga magoti, hakupata nafasi ya kujidhalilisha. Alianza kufikiria cherehani ingeuzwa kwa nani.

Jérémie aliachiliwa kesho yake. Hakupitia Carama. Alikuja moja kwa moja hospitalini, saa sita, shati lake lile safi likiwa limechafuka mgongoni kwa kulalia saruji. Nsimire alimpokea kwenye korido.

"Niliulizwa juu yako," alisema. "Nikasema sijui."

"Nilisikia, yaya."

"Unisamehe."

Jérémie alitazama kibakuli alichoshika dada yake. "Amekula?"

"Bado."

Akakichukua. Akaingia, akaketi karibu na kitanda, akachota wali na maharage, akapeleka kijiko mdomoni mwa Musafiri. Hawakusalimiana. Musafiri alifungua mdomo, akatafuna, akaanza kulia huku mashavu yamejaa.

"Usilie na chakula mudomoni," alisema Jérémie. "Utapaliwa."

Alingoja amalize, akachota kingine. Alikuwa akipuliza kila kijiko kabla ya kukipeleka. Nsimire alisimama miguuni mwa kitanda, akaichunguza sura ya ndugu yake akitafuta kama ni msamaha, au ni dharau, au ni namna ya kulipiza isiyo na kelele. Siku zile chache zilikuwa zimemzoesha kupekua nyuso, na sasa hakujua jinsi ya kuacha. Hakuona kitu ila mtu anayemlisha mgonjwa.

Kibakuli kilipokwisha, Jérémie alikisuuza bombani, akakirudisha.

"Nimepata mahali pa kulala Kinama, kwa rafiki," alimwambia dada yake. "Carama sirudi. Mutume Kelly aniletee nguo zangu ku shule, nitapita kuzichukua."

"Jérémie..."

"We unatakiwa kushona, yaya. Huwezi kuwa hapa muchana na uko ku kazi. Nitakuja kila siku saa sita, nimulishe."

Akashika njia ya korido, hakugeuka. Kwamba harudi Carama, Nsimire aliamini papo hapo. Lile la saa sita hakuliamini. Kesho yake alifunga cherehani mapema, akaja na kijiko chake mwenyewe, akamkuta Jérémie ameshaketi, anapuliza.